Mguu wa Kijana Unaovimba Ghafula

Kijana wa miaka 20 amebeba mizigo mizito siku nzima. Kesho yake mguu mmoja, au yote miwili, inavimba, ina moto na kuuma. Pengine kiuno kinauma pia. Jamaa wanasema: Amekanyaga dawa ya adui. Tena wanapasha maji moto na kumkanda kwa nguvu. Ndugu msomaji, usifanye hivyo!

Sikiliza sababu. Damu hushuka miguuni kwa mishipa fulani, na kurudi moyoni kwa mishipa mingine. Mishipa ya kurudi ya miguu yote miwili hukutana tumboni na kuwa mshipa mmoja mkubwa, unaopanda kando ya uti wa mgongo. Mshipa huo huumbika mimba ikiwa ingali changa, majuma 6 hadi 8. Kwa watu wachache sana haukuumbika vizuri: kipande chake ni chembamba, au hakipo kabisa. Mtu huyo hajui kitu. Damu yake hupita katika vijia vidogo, kama maji ya mto uliozibwa na miti yanavyotafuta njia pembeni. Lakini hupita polepole, na damu inayokwenda polepole huganda kwa urahisi. Hivyo donge hufanyika, mara nyingi baada ya kazi ngumu.

Hatari si mguu tu. Ukikanda, kipande cha donge chaweza kukatika, kupanda moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Mgonjwa hukosa pumzi ghafula, kifua kinachoma, naye aweza kufa siku ile ile. (Matende ni ugonjwa mwingine, huo huvimbisha mguu kwa miezi na miaka.)

Mleteni hospitalini siku hiyo hiyo. Ekografi ya mguu huonyesha donge, lakini mara nyingi haionyeshi mshipa uliokosekana tumboni. Basi kama ni kijana na hakuna sababu nyingine, mwulizeni mganga juu ya mishipa ya tumbo.

Atapewa dawa ya kuzuia damu isigande. Wengi huimeza miaka mingi, hata maisha yote, kwa maana mshipa haubadiliki. Hapo ndipo vijana hushindwa: mguu ukipungua, wanaacha vidonge, na donge linarudi. Anayemeza asichanjwe chale, wala asimeze aspirini bila kuuliza. Mwanamke anayemeza warfarini akikosa damu ya mwezi, amwambie mganga mara moja, kwani dawa hiyo yaweza kudhuru mtoto tumboni. Choo kikiwa cheusi, au damu ya pua isipokoma, arudi upesi, hata usiku.