SOMO LA AFYA: MTOTO MWENYE BARIDI YABISI, NA WAZAZI WANAOSAIDIANA



Katika somo la leo tutazungumza juu ya ugonjwa ambao watu wengi hufikiri ni wa wazee tu. Ni baridi yabisi ya watoto. Tuliotoka Kongo wengi tunauita rumatizimu. Mtoto huvimba magoti, vifundo vya miguu, viwiko au vidole, na asubuhi huamka amekakamaa kama mzee.

Naandika kama mhudumu wa jamii, na pia kama dada wa mtoto aliyeugua. Mdogo wangu alianza kuchechemea akiwa na miaka 4. Mama alimpeleka kwenye matibabu mara nyingi. Alipewa dawa ya maumivu, mara nyingine dawa ya malaria, akaambiwa kuwa mtoto akikua itaisha. Majirani walisema amerogwa. Baba alisema mama alimbeba vibaya mgongoni. Shangazi alimchanja chale kwenye goti. Mwishowe tukaamua kumlaza tu apumzike. Karibu mwaka mzima alilala na nguo iliyoviringishwa chini ya goti, kwa sababu likiwa limekunjwa alisikia nafuu. Tulipompata daktari aliyeutambua ugonjwa, goti lilikuwa limeganda. Leo ni msichana wa sekondari, anasoma vizuri, lakini goti lile halinyooki.

Baadaye tulikuja kujua kuwa upande wa pili wa kijiji chetu cha kambi kulikuwa na mama mwingine mwenye mtoto wa namna hiyo hiyo. Yeye alikuwa ameshafundishwa kuwa mto chini ya goti unadhuru, na kwamba mguu lazima unyooshwe kila siku. Mama yangu na mama yule walikuwa wakipanga foleni moja ya mgao, siku moja, kila mara. Hakuna aliyewakutanisha. Somo hili ni kwa ajili hiyo.

UGONJWA HUU NI NINI?

Mwili una kinga ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu. Katika ugonjwa huu kinga hukosea, ikashambulia utando laini ulio ndani ya maungio. Ungio hujaa maji, huvimba, hupata joto na kuuma. Madaktari huuita kwa jina hili kama uvimbe umeanza kabla mtoto hajatimiza miaka 16, umedumu kwa wiki 6 au zaidi, na hawakuona sababu nyingine. Chanzo chake hasa hakijajulikana. Lakini mambo haya yanajulikana:

- Hauambukizi. Watoto wengine wanaweza kulala naye, kula naye na kucheza naye.
- Hauletwi na baridi, ingawa jina lake linatudanganya. Asubuhi za Juni na Julai huku Kasulu humkakamaza zaidi, lakini siyo zilizomwuguza.
- Si uchawi, si laana, wala si kosa la mama aliyembeba.
- Hakuna sindano moja inayoumaliza. Lakini kwa dawa na mazoezi unatulizwa, na watoto wengine hufika wakati ambapo ugonjwa unanyamaza kabisa.

Usiupime mwenyewe nyumbani. Kifua kikuu cha mifupa, selimundu, na ile homa ya baridi yabisi inayodhuru moyo, yote yanaweza kuumiza maungio ya mtoto, na kila moja lina matibabu yake. Mtoto akichechemea au akivimba ungio kwa wiki kadhaa, au akiacha kufanya kitu alichokuwa akikiweza, mpeleke zahanati, na omba daktari amwone.

ANGALIA: Mtoto mwenye homa kali, na ungio moja limevimba ghafla na hataki liguswe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Huenda kuna usaha ndani. Usingoje kesho.

USISAHAU MACHO

Ugonjwa huu unaweza kuingia ndani ya jicho bila jicho kuwa jekundu na bila mtoto kulalamika. Mzazi haoni kitu, na huku mtoto anapoteza uwezo wa kuona polepole. Jicho hupimwa kwa taa maalumu ya wataalamu wa macho. Kwa hiyo kila unapokwenda kliniki uliza: "Macho ya mtoto wangu yatapimwa lini?" Ukiambiwa inatakiwa rufaa, fuatilia barua hiyo mpaka uipate.

WAZAZI WASAIDIANE NAMNA GANI?

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeamshwa usiku na kilio cha mtoto huona jambo hili ni jepesi. Mzazi mwenye mzigo kama wako ndiye anayejua uzito wake. Haya ndiyo mnayoweza kufanya pamoja.

1. Tafutaneni. Mwambie mhudumu wa afya wa eneo lako: "Nakubali mzazi mwingine mwenye mtoto kama wangu anitafute." Mhudumu hawezi kutangaza ugonjwa wa mtoto wako bila wewe kukubali, kwa hiyo anza wewe. Wazazi wawili wanatosha. Kama hakuna mwenye ugonjwa huu karibu nawe, mzazi wa mtoto mwenye selimundu au aliyepooza mguu naye anajua maisha haya.

2. Badilishaneni kazi. Mtoto huyu ana shida zaidi asubuhi, saa zile zile za kwenda bombani, kutafuta kuni na kupeleka wengine shule. Mkiwa wawili, leo mmoja anachota maji ya nyumba mbili, na mwenzake anabaki kuwapasha joto na kuwanyoosha watoto wote wawili. Kesho mnabadilishana. Fanyeni hivyo hivyo siku ya kliniki inapogongana na siku ya mgao. Ulizeni mapema kwenye kituo utaratibu wa kuchukuliwa posho na mtu mwingine, msije mkarudishwa.

3. Fanyeni mazoezi pamoja. Mtoto peke yake hulia na kukataa. Wakiwa wawili huwa mchezo. Kwanza pasheni ungio kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na mzazi ayapime kwa kiwiko chake asije akamwunguza mtoto. Kisha nyoosheni na kukunja taratibu, bila kulazimisha. Walaleni kifudifudi juu ya mkeka kwa dakika 15 hivi, miguu imenyooka, huku mkiwasimulia hadithi. Siku ungio limevimba sana, punguzeni, lakini msiache kabisa. Na usiku msiweke mto wala nguo chini ya goti, hata mtoto akiomba. Nasema hili kwa uchungu.

4. Kumbushaneni dawa. Ibuprofeni inakwaruza tumbo, hivyo hunywewa baada ya chakula. Nyumba yako ikiwa haina kitu asubuhi ile, bakuli la uji la jirani ni sehemu ya matibabu. Usione haya kuomba, na wewe uliye nacho usingoje kuombwa.

Watoto wengine hupewa methotreksati. HII HUTUMIWA MARA 1 KWA WIKI, SIYO KILA SIKU. Ikinywewa kila siku inaweza kuua. Chagueni siku moja, kwa mfano Jumapili, na siku hiyo mzazi mmoja amwulize mwenzake: "Umempa?" Ifungwe mbali na watoto. Mtoto anayeitumia hupimwa damu kila anapoitwa. Akipata homa apelekwe zahanati mapema, na kabla ya chanjo yoyote mwambieni mchanjaji kuwa anatumia dawa hii. Kuna pia vidonge vya foliki asidi ambavyo huandikwa pamoja nayo ili kupunguza madhara. Fuateni siku alizoandika daktari.

Lakini msigawane vidonge. Kipimo cha mtoto mmoja si cha mwingine, hata kama ugonjwa ni mmoja. Na msinunue sokoni dawa isiyo na jina ambayo "inaponya mara moja". Nyingine huchanganywa na dawa kali zinazoondoa uvimbe kwa siku chache na kuacha madhara makubwa.

5. Wekeni daftari. Andika ungio gani limevimba, asubuhi mtoto alikaa muda gani kabla ya kulegea, na dawa ipi ilimkataa. Daktari ana dakika chache, na daftari humwambia ukweli haraka. Anayejua kuandika amwandikie asiyejua. Anayesema Kiswahili vizuri amsindikize mwenzake anayesema Kibembe au Kirundi tu. Wawili wakiingia kwa daktari, mmoja husikia alichokosa mwingine.

6. Sikilizaneni. Mama mwenzako akikuambia amechoka, usimjibu, "Wako afadhali, wangu ndiye mgonjwa." Wala usimwambie, "Vumilia tu, dada." Mwulize, "Kesho nikuchotee maji, au nikushikie mtoto upate kulala?" Swali la namna hiyo linatosha. Na siku mtoto wa mwenzako anapokimbia huku wako amekaa, ni halali moyo kuuma. Sema. Anayekusikia alishawahi kukaa hapo ulipokaa.

BABA NA MAMA

Ndugu baba, maneno haya ni yako. Nyumbani kwetu ugomvi wa nani ameleta ugonjwa ulichukua miezi mingi, na miezi hiyo ndiyo goti lilikuwa likiganda. Mama aliogopa hata kusema kuwa mtoto amezidiwa, kwa sababu kila akisema alilaumiwa. Siku baba alipokwenda naye kliniki na kumsikia daktari kwa masikio yake, lawama zilikwisha. Alichonga fimbo ya kutembelea, akatengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo, kwani mtoto hakuweza kuchuchumaa. Alikuwa fundi mzuri siku zote, ila hakuna aliyekuwa amemwambia kinachohitajika. Nenda kliniki hata mara moja. Akina baba nao wanaweza kutafutana.

Wakumbukeni pia watoto wengine wa nyumbani. Mimi nilikuwa nikibeba ndoo za mdogo wangu na zangu, na nilimwonea wivu kwa kuwa yeye hakutumwa. Baba na mama hawakujua. Mzazi mwenzenu akiwashikia mgonjwa nusu saa, tumieni nusu saa hiyo kukaa na huyu mzima.

SHULENI

Nendeni kwa mwalimu mkiwa wawili au watatu. Husikilizwa vizuri zaidi. Mwelezeni kuwa mtoto huyu akichelewa asubuhi si mvivu, asipigwe. Ombeni aruhusiwe kusimama na kujinyoosha kila baada ya muda, na akae karibu na mlango ili choo kisiwe mbali. Asiondolewe shule. Mguu ukiwa mgonjwa, kichwa ni kizima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika eneo letu, nani ana mtoto anayechechemea ambaye hajaonwa na daktari?
2. Ni kazi gani moja ya asubuhi unayoweza kumfanyia mwenzako wiki hii, na yeye akufanyie ipi?
3. Mtoto wako anatumia dawa gani, na ni mara ngapi kwa wiki? Kila mmoja aseme kwa sauti.
4. Macho yake yalipimwa lini?
5. Je, kuna neno ulilomwambia mzazi mwenye mtoto mgonjwa ambalo leo usingelisema?

Ndugu mzazi, ukimaliza kusoma karatasi hii usiitupe. Msomee asiyejua kusoma, kisha mpe mtu mwingine. Na katika foleni ya mgao ujao, ukimwona mama amembeba mgongoni mtoto mkubwa anayepaswa kutembea, msogelee, msalimie, umwulize habari za mtoto. Huenda anangoja mtu wa kumwuliza.