Kabichi Badala ya Sembe

Pakiti ilifika na bodaboda saa mbili usiku. Ilikuwa na picha ya mwanamke mwembamba anayecheka, na maandishi makubwa ya kijani: UNGA USIO NA WANGA. Kilo moja ya unga huo iliuzwa kwa bei inayokaribia ile ya mfuko wa kilo 10 wa sembe. Muuzaji, ambaye duka lake liko kwenye simu tu, alikuwa amemhakikishia mwandishi wa makala haya kwamba ugali wake "hauna tofauti na wa mahindi, mpendwa, na sukari haipandi kabisa." Mwandishi mwenyewe, mama wa watoto watatu anayefanya kazi Posta na kuishi Kimara, Dar es Salaam, alikuwa mteja wa aina ile ambayo wauzaji huiombea dua: amechoka, ana njaa, na ana mume aliyeambiwa kliniki apunguze wanga.

Maji yakachemka, unga ukaingia. Ugali ukaanza kuvutika, ukang'aa, ukanata kwenye mwiko. Mtu aliyekulia Muheza hahitaji kuelezwa hiyo ni nini. Ni bada, ugali wa muhogo, ule ule ambao mabibi wa Tanga wameusonga miaka yote bila kumtoza mtu bei ya dawa.

Baba watoto alisema labda ni mbegu fulani za kizungu. Binti mkubwa, aliye Kidato cha Pili, hakubishana na mtu. Alifungua kabati la dawa akatoa chupa ya iodini, ile dawa ya kahawia ya kupaka vidonda. Kipimo cha wanga kimo kwenye biolojia ya sekondari: iodini ikikutana na wanga inageuka bluu iliyokolea, karibu nyeusi. Binti akapanga visahani vinne mezani: sukari, kipande cha yai la kuchemsha, sembe, na unga wa mpendwa, kisha akadondosha tone moja moja. Sukari ilibaki na rangi ya kahawia. Yai vilevile. Sembe ikawa nyeusi. Unga usio na wanga nao ukawa mweusi tii.

"Mama, huu una wanga," alisema, na kwa sauti ya mwalimu wake akaongeza kwamba kipimo hiki kinaonyesha tu kuwa wanga upo, hakisemi ni kiasi gani, na sukari hakiioni kabisa. Kahawia kwenye kisahani cha sukari ilikuwa ushahidi tosha. Mwenye kutaka kujaribu nyumbani afanye hivyo kwa unga mkavu au uliopoa, maana kwenye kitu cha moto ile rangi hupotea, kisha atupe alichopima.

Muuzaji alipotumiwa picha ya visahani alijibu haraka: "Mpendwa, muhogo ni wa asili." Alipoulizwa kama asili na wanga ni vitu viwili vinavyopingana, akamfungia mteja wake namba. Pakiti haikuwa na orodha ya viambato wala nembo ya TBS, shirika ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia ubora na usalama wa chakula nchini, kazi iliyokuwa ya TFDA. Hasira ya jambo hili haijaisha, na msomaji ataihisi mara kadhaa mbele ya safari.

Tatizo si muuzaji mmoja. Mjini kumeenea imani kwamba wanga ni kosa la rangi nyeupe, kwa hiyo mtu akihamia dona, ulezi au muhogo ameukimbia. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu gramu 75 hadi 80 za wanga, na dona haishuki mbali na hapo. Faida yake ni nyuzinyuzi, vitamini na madini ambayo sembe huyapoteza kinuni. Unga wa ulezi nao uko kwenye sabini na kitu. Muhogo mbichi, pamoja na maji yake yote, una karibu gramu 38. Ukikaushwa na kusagwa unaipita sembe. Wali uliokwisha kuiva una kama gramu 28. Kabichi haifiki hata gramu 6, koliflawa ina kama 5, na yai lina chini ya gramu moja.

Mazungumzo haya yalipamba moto wakati Profesa Mohamed Janabi alipokuwa Mkurugenzi Mtendaji wa Hospitali ya Taifa Muhimbili, kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika. Maneno yake kuhusu sukari, wanga na vitambi yalisambaa kwenye simu, na kwenye sherehe ikawa desturi mtu akijaza sahani kuulizwa kama Janabi anajua. Utani huo ulisaidia. Ila wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1863 William Banting, Mwingereza wa London aliyefanya biashara ya mazishi, alichapa kijitabu akieleza alivyopunguza unene kwa kuacha mkate, sukari, bia na viazi. Hakuuza unga.

Na hapa ndipo ubishi wa makala haya ulipo. Jiko la Mtanzania halihitaji unga maalumu wa kupunguza wanga, kwa sababu nusu yake tayari haina wanga wa kutisha. Matembele, mchicha, majani ya maboga, bamia, nyanya chungu, bilinganya, dagaa, vibua, maini, kuku, mayai, tui la nazi, parachichi, mtindi usiotiwa sukari: vyote hivi tumezoea kuviita mboga na kuvipa kijibakuli, huku ugali ukipewa sahani nzima. Kazi ni kubadilishana vyombo. Maharage na kunde zina wanga wa kati, basi zihesabiwe, zisiliwe kama kabichi.

Hatua za kufanya hivyo jioni, kwa mtu anayeingia nyumbani saa moja na nusu, ni nne.

Ya kwanza ni kununua njiani. Anayepanda mwendokasi Kivukoni yuko hatua chache kutoka soko la samaki la Feri, ambako wapo wanaoparua na wapo wanaokaanga. Samaki aliyekwisha kukaangwa anaokoa nusu ya mapishi. Abiria wa pembeni atakunja pua hadi Magomeni, kisha atazoea.

Ya pili ni kabichi, na hapa makala itakaa.

Kuna kizazi kizima kinachochukia kabichi kwa sababu ya shule za bweni. Ile kabichi ilichemshwa kwenye sufuria kubwa, imefunikwa, kwa muda mrefu, hadi ikatoa harufu ya salfa iliyofika mabwenini kabla ya kengele. Mtu akijaribu kuikaanga nyumbani badala ya wali anapata kitu kilekile kwa kiasi kidogo: majani laini yanayoelea kwenye maji yao. Watoto wanaisukuma pembeni. Baba watoto anauliza kwa upole wali uko wapi. Sababu ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya kabichi ni maji, na maji yakiwa mengi kikaangoni joto haliwezi kuvuka nyuzi 100. Hapo hakuna kukaanga, kuna kuchemsha. Rangi ya kahawia na utamu wa kilichokaangwa huja joto linapopanda kuvuka 140.

Dawa ilitoka kwenye kachumbari. Kila anayejua kachumbari anajua kwamba kitunguu hukatwa vyembamba, kikatiwa chumvi, kikavurugwa na kukamuliwa ili ukali utoke. Kabichi inafanyiwa hivyohivyo. Inachaguliwa iliyobana na nzito. Muuzaji mmoja wa Kimara Mwisho huzigonga kwa kidole kwanza na kusema, "Chukua hii mama, imeshiba," na hajawahi kudanganya, tofauti na watu wengine wenye picha nzuri na herufi za kijani. Inapasuliwa vipande vinne, kile kigumu cha katikati kinatolewa, kisha inakatwa nyembamba kadiri kisu kinavyoruhusu. Unene hapa ndio unaoamua kila kitu. Vipande vipana havitoi maji, vinabaki na ukaidi. Kwa nusu ya kabichi ya wastani, kijiko cha chai cha chumvi kinatosha. Inasuguliwa kwa mikono hadi ianze kulegea, inaachwa kwenye beseni dakika 15, muda wa kuvua nguo za kazi na kukagua madaftari ya watoto.

Ukirudi, chini ya beseni kuna maji. Chumvi imeyavuta kutoka kwenye majani kwa osmosisi, ambayo nayo imo kwenye madaftari ya binti. Kamua konzi kwa konzi, kwa nguvu, au funga kwenye kitambaa safi ukisokote. Onja. Ikiwa na chumvi kali, isuuze haraka na uikamue upya. Kikaango kiwe kipana na kiwe cha moto kabla ya mafuta kuingia. Tandaza kabichi isizidi unene wa kidole, na usifunike, hata mama mkwe akisimama nyuma yako na mfuniko mkononi. Usikoroge kwa dakika mbili. Mkono utawasha kutaka kukoroga. Upe kazi nyingine, ukatie kitunguu. Kingo zikishika rangi ya kahawia, geuza, tia kitunguu, kitunguu saumu na binzari kidogo, na mwisho vijiko viwili vya tui zito, likauke. Kutoka kikaango kushika moto hadi sahani kujaa ni kama dakika 10.

Matokeo yake yanabeba mchuzi wa samaki bila kuyeyuka. Hayamegeki kama ugali, hilo lazima lisemwe, na mtu aliyezoea kula kwa mkono ataona ameonewa. Kwa ajili yake majani mawili matatu mazima ya kabichi hupitishwa kwenye maji ya moto kwa dakika moja, yakalainika, yakatumika kuchotea samaki. Baba watoto aliyapokea majani hayo kwa uso wa mtu anayesaini mkataba asioupenda. Sasa anayaagiza.

Koliflawa inafanya kazi hiyohiyo. Ikikwaruzwa kwenye kile kibati cha matundu cha karoti na kukamuliwa, inafanana na wali kuliko kabichi. Nyingi inashuka Dar es Salaam kutoka milima ya Lushoto, na bei yake inategemea soko unalosimama. Kwa siku za kawaida kabichi inashinda: ni rahisi, haiharibiki upesi, na genge la kila mtaa linayo.

Hatua ya tatu ni kuwa na rojo tayari: vitunguu, nyanya, tangawizi na kitunguu saumu vilivyokaangwa Jumapili na kugandishwa kwenye vikopo vidogo. Kipande kimoja kwenye kikaango, maini yaliyokatwa membamba juu yake, dakika chache chakula tayari. Kipande kingine, mayai manne, bilinganya iliyobaki jana. Dagaa wa Kigoma wanataka kukaangwa tu kidogo na limau. Dagaa wa Mwanza wanataka subira zaidi, maana walioanikwa chini hubeba mchanga, na wauzaji wengi ukiwauliza huapa kwamba wao huanika kwenye chanja. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu hadi chini ya bakuli kusibaki punje, hata kama ameapa.

Ya nne ilikuwa kuhusu kupanga ratiba ya wiki, lakini mwandishi hajawahi kuona ratiba ya chakula ikifika Alhamisi katika nyumba yenye watoto watatu na umeme wa Kimara.

Watoto hawakupewa adhabu ya baba yao. Wanakua, wanacheza mpira, wanatembea kwenda shule. Sufuria ndogo ya wali au ugali inapikwa kwa ajili yao, na wanakula mboga ileile kutoka chombo kilekile. Kitu kimoja tu kimehama: wali ndio uko kwenye kijibakuli. Mtoto wa mwisho, ambaye zamani kabichi ilimliza, siku hizi anagombea zile kingo za kahawia.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, au anayemeza dawa za kundi la glibenklamaidi, asipunguze wanga ghafla kwa kusoma makala. Dozi yake ilipangwa kwa ulaji wake wa zamani, na akibadilisha sahani bila kubadilisha dozi sukari inaweza kushuka hadi akatetemeka, akatoka jasho, hata akapoteza fahamu. Baba watoto alirudi kliniki kwanza, dawa zikapangwa upya, na kipimo cha kidole kikawa cha kila asubuhi. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa figo nao waulize kabla ya kuanza.

Linabaki suala la mchana kazini. Mama lishe wa Posta hana tatizo ukimwomba apunguze wali na kuongeza mchicha na samaki. Wateja wa namna hiyo ameshawazoea. Mwambie mapema kabla hajapakua. Bei atakutoza ileile.