Dondoo muhimu: Pampu ya pumu na daftari la duka

Kihisi kinachobandikwa kwenye pampu ya pumu hurekodi saa ya kila mbonyezo na kuituma kwenye simu. Huna? Daftari la mauzo linatosha: weka alama kabla ya kufungua duka na baada ya kufunga. Alama hizo ni za pampu ya kinga, beklometasoni, inayovutwa kila siku hata ukijisikia mzima; salbutamoli ni ya wakati kifua kinapobana, kwa mfano vumbi la mtaani likizidi. Kopo la mibonyezo 200, ukiandikiwa miwili asubuhi na miwili usiku, huisha siku ya 50. Likiendelea kupuliza baada ya hapo, huenda ni gesi tupu. Kulitikisa hakukuambii kama dawa bado imo. Na sukutua mdomo kila ukishavuta beklometasoni.