Bima ya Safari: Kinga Nje ya Mipaka ya Kenya

Mkazi aliyesajiliwa na SHA anaweza kudhani yuko salama hata akienda likizo ng'ambo. Sivyo. SHA hugharimia matibabu ya nje pale tu huduma haipatikani Kenya, tena kwa idhini ya mapema. Mtalii akivunjika mguu Dubai, bili ni yake. Akifariki, jamaa hulazimika kuchanga pesa za kusafirisha mwili.

Bima ya safari hubeba mzigo huo. Nchi za Schengen, zikiwemo Ufaransa na Ujerumani, hudai mwombaji wa viza ya muda mfupi awe na bima ya angalau euro 30,000 kwa matibabu ya dharura na kurejeshwa nyumbani.

Kabla ya kulipa, msafiri azingatie haya:

• Kampuni iwe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA.

• Bima ianze siku ya kuondoka hadi siku ya kurudi.

• Ugonjwa alio nao, kama kisukari, autaje kwenye fomu. Akiuficha, dai lake linaweza kukataliwa.

• Abebe nambari ya dharura ya bima, na nakala aiache kwa jamaa nyumbani.

Bima hununuliwa kabla ya safari. Ajali ikishatokea, wakati umepita.