Marashi ya harufu ya mvua: Asilimia kwanza, bei baadaye

Mtengenezaji wa marashi wa Kibiti anayetaka harufu ya udongo uliopata mvua ya kwanza atahitaji jeosmini. Hutengenezwa na bakteria wa ardhini, na ndiyo humpa samaki ladha ya tope, jambo ambalo mla kambare wa Rufiji hahitaji kusimuliwa. Kwa kuwa ina nguvu mno, huuzwa ikiwa imezimuliwa, na hapo ndipo mtaji hupotea.

Tuchukue mfano. Chupa ya mililita 10 yenye asilimia 1 ni sh. 40,000. Nyingine ya ujazo huo huo, yenye asilimia 0.1, ni sh. 15,000. Ya pili yaonekana rahisi. Lakini kupata jeosmini iliyomo katika ya kwanza, mnunuzi atahitaji chupa kumi za namna hiyo, yaani sh. 150,000. Sehemu kubwa ya fedha imenunua kiyeyusho.

Chupa isiyoandikwa asilimia isinunuliwe, hata muuzaji aape. Jeosmini ikizidi, marashi hunuka kisima, na langilangi ya bei haiokoi kitu. Kwa mililita 30, tone moja la asilimia 0.1 latosha kuanzia. Linusiwe kesho yake kabla ya kuongeza la pili.