Watoto Wastahilio Elimu Maalumu



Mwezi huu twataka kujifunza jambo liwahusulo wazazi na walimu wote, yaani mtoto asiyeweza kujifunza kwa njia ya wenziwe. Tutautazama mfano wa nchi ya Marekani, maana huko jambo hili limeandikwa katika sheria hatua kwa hatua, na kila mtu aweza kulipima.

1. Asili ya sheria

Hapo kwanza watoto wengi wenye ulemavu walifungiwa mlango wa shule. Bunge la Marekani lilipochunguza, liliona ya kuwa zaidi ya watoto milioni moja hawakuwamo kabisa katika shule za serikali. Wazazi wakawapeleka wakuu wa shule mbele ya mahakimu, na mwaka 1972, katika Pennsylvania na katika mji wa Washington, mashauri yao yalikwisha kwa watoto hao kupewa haki ya kufundishwa. Mwaka 1975 Rais Gerald Ford alitia sahihi sheria kwa ajili ya nchi nzima. Mwaka 1990 sheria hiyo ilipewa jina jipya, ikaongezewa aina mbili za ulemavu, yaani usonji na jeraha la ubongo. Leo yawahusu watoto tangu miaka 3 hata 21.

2. Aina zilizotajwa

Sheria yataja aina 13. Nne ni za macho na masikio: uziwi; kusikia kwa shida; upungufu wa kuona, pamoja na upofu; na mtoto aliye kiziwi na kipofu pia. Huyu wa mwisho amewekwa peke yake, maana mwalimu wa viziwi hutumia macho ya mtoto, na mwalimu wa vipofu hutumia masikio yake, naye amepungukiwa na yote mawili.

Mbili ni za mwili: ulemavu wa viungo, na magonjwa mengine yapunguzayo nguvu au uangalifu, kama kifafa, pumu, kisukari na selimundu. Humo pia huhesabiwa mtoto asiyeweza kutuliza mawazo yake, wala si kwa utundu.

Sita ni za akili, moyo na maneno: ulemavu wa akili, usonji, msukosuko wa moyo udumuo muda mrefu, shida ya usemi na lugha, kama kigugumizi, jeraha la ubongo litokalo nje, kama la kuanguka, na ugumu wa pekee wa kujifunza. Aina ya 13 ni ulemavu zaidi ya mmoja, kama upofu pamoja na ulemavu wa akili.

Ule ugumu wa pekee ndio wenye watoto wengi kuliko aina zote. Mtoto huyu aona vema, asikia vema, na akiulizwa kwa mdomo hujibu kwa akili. Lakini ukimpa kitabu, herufi hazimkalii. Ni wangapi wa namna hii walioitwa wavivu, wakachapwa!

3. Jina peke yake halitoshi

Hapana budi kujibu maswali mawili. La kwanza: Je, mtoto ana ulemavu wa aina mojawapo? La pili: Je, kwa sababu hiyo ahitaji kufundishwa kwa namna ya pekee? Tuwafikiri watoto wawili wenye kifafa. Mmoja ameza dawa, naye aendelea sawa na wenziwe. Huyu hahitaji elimu maalumu, ingawa sheria nyingine ya mwaka 1973 yamlinda asibaguliwe. Wa pili hupotewa na masomo mara kwa mara, hata amebaki nyuma. Huyu aweza kustahili.

Tena sheria yakataza kumhesabu mtoto kuwa mlemavu ikiwa sababu kubwa ya kushindwa kwake ni kutofundishwa vema kusoma na hesabu, au kutojua Kiingereza. Hapo yafaa yatengenezwe mafundisho yenyewe.

4. Njia ya kumpima

Kwanza wazazi hukubali. Kisha mtoto hupimwa, kwa kawaida katika muda wa siku 60, kwa lugha aijuayo, wala kipimo kimoja hakitoshi. Wazazi huketi pamoja na walimu na wapimaji, na mtoto akistahili, huandikiwa mpango wake mwenyewe, nao hutazamwa tena kila mwaka. Kupimwa upya ni kila miaka 3, isipokuwa wazazi na shule wapatana kwamba hapana haja.

Tukumbuke pia ya kuwa majina yaweza kuumiza. Mwaka 2010 neno la zamani la ulemavu wa akili liliondolewa katika sheria hiyo, kwa kuwa lilikuwa limegeuka tusi.

Nasi tunaofundisha, kabla ya kusema, "Mtoto huyu ni mvivu," tumwite karibu. Tuangalie kama hugeuza sikio moja tunaponena, kama husogeza kitabu hata puani, kama hujibu vema kwa mdomo na kushindwa kwa kalamu. Kisha tuwaite wazazi wake, tuwaambie tuliyoyaona.

Maswali ya kujifunza:
1. Kwa nini mtoto kiziwi na kipofu amewekwa katika aina ya peke yake?
2. Ni maswali gani mawili yanayopasa kujibiwa?
3. Katika darasa lako, ni nani uliyemhukumu kabla ya kumwangalia?