Sadaka ya Ramadhani: Tuulize kabla ya kutoa

KILA unapoingia mwezi mtukufu wa Ramadhani, Waislamu wa mijini tunapokea maombi mengi ya michango. Baada ya Swala ya Ijumaa husimama huyu na bahasha, yule na barua ya kituo cha yatima. Kwenye simu nako jumbe hazikatiki: futari, visima, ujenzi wa misikiti. Hili si jambo baya. Mtume (SAW) alikuwa mkarimu kuliko watu wote, na ukarimu wake ulizidi ndani ya Ramadhani. Lakini naona tumezoea kutoa bila kuchagua, na anayeumia ni masikini mwenyewe.

Mimi kabla ya kutoa hujiuliza maswali matatu, na ningependa tuyatafakari pamoja.

Swali la kwanza: ninachotoa ni zaka au ni sadaka ya hiari? Zaka ina wenyewe. Allah (SW) ameyataja mafungu nane katika Suratut-Tawba, aya ya 60, na ya mwanzo ni mafakiri na masikini. Mtu mwenye akiba ya sh. milioni 40, iliyofikia nisabu na kupitiwa na mwaka, zaka yake ni asilimia 2.5, yaani sh. milioni 1. Fedha hiyo si yake tena, ni haki ya wengine. Wanazuoni walio wengi hawakuruhusu zaka ijenge msikiti au inunue mazulia. Kwa hayo tutoe sadaka. Vilevile Zakatul Fitri, pishi moja ya chakula kwa kila kichwa (wengi hukadiria kilo mbili na nusu hadi tatu), inatakiwa iwafikie masikini kabla ya Swala ya Idd. Basi mchangishaji aulizwe mapema: mna mfuko wa zaka ulio mbali na ule wa ujenzi? Fitri yangu mtaigawa lini? Akikosa jibu, zaka yako itafutie mlango mwingine.

Swali la pili: huyu ninayempa, mwezi wa Shawwal atakula nini? Ramadhani moja nilitembelea kituo cha yatima nikakuta stoo imejaa mchele, sukari na tende hadi mlangoni. Nikamuuliza mlezi wanapungukiwa na nini. Akataja kodi ya nyumba, dawa, na sare za watoto shule zikifunguliwa. "Ustadhi, tende hazilipi kodi," akaniambia. Naam, kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kubwa, na tusiache. Lakini futari huisha usiku ule ule. Watu kumi wa mtaa mmoja wakitoa sh. 20,000 kila mmoja kwa mwezi, kwa mwaka kituo kinapata sh. milioni 2.4. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo.

Swali la tatu: hesabu ziko wapi? Wapo wanaoona kuuliza hesabu ni kumdhania ndugu yako vibaya. Sivyo. Katika Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema hiki ni chenu, na hiki nimezawadiwa. Mtume (SAW) hakulinyamazia. Alihoji kama angepata zawadi hiyo lau angebaki nyumbani kwa wazazi wake. Ikiwa Swahaba aliulizwa, mwenyekiti wa kamati ni nani asiulizwe?

Hata sheria ya nchi yetu, ile ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, inayataka mashirika hayo kutoa ripoti na hesabu zilizokaguliwa kila mwaka. Basi tuombe kuona cheti cha usajili. Tutazame kama akaunti ni ya taasisi au ni ya mtu binafsi. Tuulize michango ya Ramadhani iliyopita ilifanya nini. Kituo kidogo kisichomudu mkaguzi kinaweza kubandika karatasi moja kwenye ubao wa msikiti: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mwaminifu hatakasirika.

Mtu atasema, "Mimi nimetoa kwa nia njema, Allah ananijua." Ni kweli, na thawabu zake hazipotei kwa Mola wake. Lakini nia hiyo haimshibishi yatima iwapo fedha imeishia njiani.

Mwisho, tusiwaruke wa karibu. Abu Talha alipotoa bustani yake aipendayo ya Bayruha, Mtume (SAW) alimshauri awape jamaa zake. Huenda shangazi yako mjane hana bahasha wala barua, naye ndiye mwenye haki ya kwanza.

Allah (SW) atutakabalie funga zetu na atuwezeshe kuzifikisha amana kwa wenyewe. Amin.